Wazee Watatu wa Daraja Mbili

Sura ya Tano

Koplo Lemburis aliinamisha kichwa kando ya kitanda, kama kila kijana wa Kiarusha anavyofanya mbele ya mzee, akangoja kuguswa utosini. Alingoja sana. Mzee Sakaya alikuwa amelala chali, macho yameganda darini, udenda unamtoka pembeni mwa mdomo na kulowesha mto. Wodi nzima ilikwisha kuamini kwamba mzee huyu hana tena habari na dunia. Inspekta Aikande Swai alikuwa ameshageuka kwenda kumtafuta daktari alipouona mkono ukinyanyuka.

Haukunyanyuka kama mkono wa mtu. Ulipanda kidogo, ukakwama, ukapanda tena, ukakwama tena, kama jeki inayoinua lori. Vidole vilitetemeka njia nzima. Ulipofika kwenye kichwa cha Lemburis ulitulia hapo, ukashindwa kushuka.

"Afande," Lemburis alisema bila kuinuka, "ameniona."

"Naona. Usitikisike."

Aikande alikuwa Mmachame, mfupi, asiye na subira na watu wanaosema nusu nusu, na kwa tabia hiyo alikuwa amekosa cheo zaidi ya mara moja. Aliushika mkono wa mzee kwa uangalifu akaushusha. Kwenye kiwiko aliuhisi ukikwama na kuachia, kukwama na kuachia, mpaka ukalala juu ya blanketi. Mtu asiyejitambua hawezi kukumbuka kumbariki kijana, alijisemea. Huyu yumo ndani. Mwili ndio uliomfungia mlango.

Faili alikabidhiwa jana yake, likiwa limeshapachikwa jina: shauri la kulisha sumu. Mlalamikaji alikuwa Lengai wa Olasiti, mtoto mkubwa wa mzee. Mtuhumiwa alikuwa Naisula, mke wa Yoeli, mtoto wa pili, ambaye mwenyewe alikuwa migodini Mirerani na hakuwa na habari. Mzee Sakaya, aliyekuwa amepotewa na kumbukumbu tangu mwaka juzi, alikunywa uji jioni nyumbani kwa Naisula. Asubuhi alikutwa amekauka kama gogo. Naisula akatiwa mahabusu. Mkuu wa upelelezi alitaka mwanamke huyo asimame mahakamani kesho kwa kosa la kujaribu kuua, na kama mzee angetangulia kufa, neno "kujaribu" lingefutwa. Kila mtu alijua adhabu ya kosa linalobaki.

Daktari Elieza aliingia na kalamu yake sikioni.

"Pepopunda," alisema kabla hajaulizwa. "Tumemwanzishia dawa, hakuna nafuu."

"Mwenye pepopunda hunyanyua mkono namna hii?" Aikande aliuliza, akamwonyesha.

Daktari alikishika kiwiko, akakikunja, akakinyoosha. Akarudia upande wa pili. Kalamu ilimdondoka sikioni asiiokote.

"Nani kakuonyesha hili?"

"Yeye mwenyewe. Alikuwa anamwamkua koplo wangu."

"Nilipokuwa mwanafunzi tulipelekwa hospitali ya wagonjwa wa akili," daktari alisema. "Mikono ya namna hii niliiona huko, tena kwa wengi. Haya si maradhi, Inspekta. Ni dawa. Haloperidoli na ndugu zake. Mtu mwenye kichaa, anayesikia sauti zisizokuwepo, humtuliza. Mzee ambaye shida yake ni kusahau, hazimrudishii kumbukumbu hata chembe. Zinamkaza mwili tu, na zikizidi zinamzika. Ndiyo maana haziuzwi bila cheti cha daktari."

"Kwa hiyo alipewa kabla hajaletwa hapa."

Daktari alikuwa ameichukua kadi iliyoning'inia kitandani na alikuwa anaisoma kwa kidole. Alipofika chini alikaa kwenye ukingo wa kitanda kama mtu aliyechoka.

"Usiku wa kwanza aligumia mpaka wagonjwa wengine wakalalamika," alisema. "Muuguzi wa zamu akamchoma sindano ya kumtuliza. Juzi tena. Sahihi ni yangu."

"Sindano ya nini?"

"Hiyo hiyo."

Aliiokota kalamu, akaufuta mstari wa sindano kwa nguvu hata karatasi ikachanika. Uso wake ulikuwa umejaa aibu na wala hakujaribu kuificha. "Tumezoea," alisema. "Mzee akisumbua, mchome alale. Hakuna anayeuliza kwa nini anasumbua. Tafadhali, nitafutie alikuwa anameza kiasi gani na kwa muda gani. Nikijua, naweza kumwokoa. Nisipojua, ninabahatisha."

Nje, kwenye benchi la ukumbi, Lengai alikuwa amekaa wima na fimbo yake katikati ya magoti. Alikuwa mtu mzima wa kuheshimika, mzee wa kanisa, na mwenye hasira ya mtu ambaye baba yake anakufa mbele ya macho yake.

"Shikamoo, mzee," Aikande alisema.

"Marahaba. Huyo mwanamke amesema alimwekea nini?"

"Bado."

"Mnangoja baba afe ndipo mumuulize vizuri?"

"Mzee Lengai, ni nani anayemlisha baba yako pale nyumbani?"

"Wanawake," alijibu, akamtazama kwa mshangao, kama kwamba ameulizwa ng'ombe hula nini.

*

Kituoni, Aikande aliyasoma upya maelezo ya mtuhumiwa yaliyochukuliwa na konstebo. Sehemu moja ilikuwa imepigiwa mstari: mtuhumiwa alikataa katakata kumtaja mgonjwa kwa jina. Konstebo aliiona ni dalili ya hatia, na Aikande hakuwa na sababu ya kumpinga. Katika kazi yake alikuwa amewaona wengi wasioweza kumtaja mtu waliyemdhuru.

Naisula aliletwa. Alikuwa mwanamke mwembamba wa miaka thelathini hivi, amejifunga kitenge kifuani, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Lemburis aliketi pembeni ili kutafsiri pale Kimaa kitakapohitajika.

"Jina la baba mkwe wako ni nani?"

Kimya.

"Unalijua?"

"Nalijua."

"Litaje."

"Siwezi, afande."

Aikande aliandika, akaendelea. "Ulimpa sumu?"

"Hapana."

"Ulimpa nini?"

"Uji."

"Ndani ya uji kulikuwa na nini?"

"Maziwa. Sukari kidogo. Na dawa yake."

Kalamu ilisimama. "Dawa ipi?"

"Kidonge. Cheupe, kidogo. Cha usingizi."

"Siku zote hizi umo humu ndani, mbona hukusema?"

Naisula alimtazama kwa mara ya kwanza. "Mliniuliza sumu. Ile ni dawa."

Lemburis alikohoa. Aikande aliliona jibu hilo kuwa la kweli mno kutungwa, lakini hakulisema. Alimwacha mwanamke aeleze, na alieleza bila kulia. Baba alikuwa halali. Usiku alizunguka boma lote, akafungua zizi na kuwatoa ng'ombe, akiwatafuta ng'ombe wake wengine waliokufa hata kabla ya Uhuru. Alimwita yeye mwizi wa ng'ombe hao, na siku moja alimpiga fimbo ya bega. Yeye huamka saa kumi na moja kukamua ili awahi kupeleka maziwa mjini. Sokoni akasikia wanawake wakisema kuna duka pale Daraja Mbili, wana vidonge vya wazee wasiolala. Akanunua. Baba akalala, naye akalala.

"Vingapi?"

"Kimoja, jioni. Kimoja tu. Naapa kwa Biblia."

"Na magome ya mti tuliyoyakuta kwako yamefungwa kwenye kitambaa?"

Hapo Lemburis alishindwa kujizuia. "Afande, hayo ni ya supu. Ya kuchemshia na nyama. Ukapekue kwa mama yangu, utamkamata na yeye."

Magome yaliondolewa kwenye orodha ya vielelezo. Aikande alimpigia simu daktari, akamweleza: kidonge kimoja kila jioni, tangu mvua za vuli.

"Kwa mzee wa umri ule, kimoja tayari ni kingi," sauti ya daktari ilisema. "Angekuwa mzito, angetetemeka, angeanguka anguka. Lakini kukauka vile, hapana. Tafuta zaidi ya kimoja."

Aikande aliweka simu chini. Ama Naisula alikuwa anadanganya hesabu, ama kulikuwa na mkono mwingine.

*

Landrova ya polisi iliwafikisha Olasiti jua likiwa limeshakuwa kali. Boma la Mzee Sakaya lilikuwa na nyumba tatu za bati kuzunguka zizi, moja kwa kila mtoto wa kiume, na kijumba cha mzee katikati. Ng'ombe hawakuwepo. Kando ya mlango wa nyumba kubwa mwanamke mrefu, mtu mzima, alikuwa anapukuchua mahindi.

"Takwenya, yeyo," Lemburis alimsalimu.

"Iko," alijibu Nkasiogi, mke wa Lengai, akawasogezea vigoda.

Aikande alimpa shikamoo yake, akaingia kwenye shughuli. "Mama, nani anayemlisha mzee?"

"Mimi. Mimi ndiye mke wa mkubwa."

"Naisula je?"

"Huyo alikuwa anampa baba yao uji wa jioni. Sasa mmeona uji wake."

"Wewe umewahi kumpa dawa yoyote?"

"Dawa ni kazi ya hospitali," Nkasiogi alisema. Mahindi yaliendelea kudondoka kwenye ungo, lakini si kwa kasi ile ya mwanzo.

Nyumba ya tatu ilikuwa ya mtoto wa mwisho, dereva wa malori ya safari za mbali. Mkewe, Mama Lucky, alikuwa msichana wa Kimeru kutoka upande wa Momela, mtoto mgongoni, uso wa mtu aliyezoea kuamriwa. Aikande alimuuliza swali lile lile.

"Namlisha mimi, afande," alisema. "Nampikia loshoro. Mahindi yakiiva vizuri na maziwa yakiganda vizuri, babu yake Lucky anamaliza bakuli."

"Na dawa?"

Kabla ya kujibu, Mama Lucky alitupa jicho nje ya mlango, kuelekea kule kwenye ungo wa mahindi. "Sijui habari ya dawa," alisema.

Waliporudi kwenye gari Aikande hakuwasha. Alikuwa amekasirika, na hasira zake daima zilianza kwa kimya.

"Wanawake watatu," alisema mwishowe, "na kila mmoja ndiye anayelisha mdomo mmoja. Wawili wananidanganya."

"Hakuna anayekudanganya, afande. Kila nyumba inampikia. Asubuhi chai kwa mke wa mkubwa, mchana kwa huyu mdogo, jioni kwa wa katikati. Hawezi kupita mlango bila kula. Akikataa chakula cha mmoja, ameitukana nyumba ya mwanawe."

"Na hao wanawake huwa wanaambiana wamempa nini?"

Lemburis alicheka kidogo. "Afande, wewe umeolewa. Ukishindwa kumhudumia baba mkwe, utakwenda kumtangazia mke wa shemeji yako?"

Aikande hakucheka. Kwao Machame mwanamke aliyeshindwa na wakwe huimbwa mpaka kwenye ngoma za watu wengine. Mficha uchi hazai, lakini nani yuko tayari kuufunua?

Kisha akakumbuka jambo. Nkasiogi alisema "baba yao". Mama Lucky alisema "babu yake Lucky". Naisula alipoulizwa jina alisema hawezi.

"Koplo, mbona hakuna hata mmoja aliyesema Sakaya?"

"Hawawezi. Mkamwana hatamki jina la baba mkwe wake. Kwetu ni mwiko mkubwa. Hata jirani akiwa na jina hilo, atalizungukia."

"Huyo konstebo aliyepigia mstari anatoka wapi?"

"Songea, afande."

Aikande aliyatoa maelezo ya Naisula kwenye faili, akaufuta mstari wa konstebo, akaweka sahihi yake pembeni. Kisha akawasha gari. "Twende Daraja Mbili. Vua kofia ya polisi."

*

Zamani, enzi za duka la ushirika, mtu alipanga foleni tangu alfajiri kwa kipande cha sabuni. Sasa mambo yalikuwa ruksa, na Daraja Mbili kila baraza lilikuwa duka, na karibu na kila kona palikuwa na msalaba mwekundu uliochorwa ukutani na mtu asiyejua kuchora. Duka la Bariki lilikuwa kati ya muuza mitumba na fundi redio. Kibali chake kilikuwa ukutani ndani ya fremu safi: dawa baridi. Maana yake aspirini, dawa ya kikohozi, plasta na vitu vya namna hiyo. Dawa zinazohitaji cheti hakuruhusiwa hata kuzihifadhi.

Aikande aliingia peke yake, amejitanda kanga.

"Karibu, mama," alisema Bariki, mwanamume mchangamfu mwenye koti jeupe lililopigwa pasi.

"Asante. Nina mzee nyumbani, halali. Anatuhangaisha."

"Pole sana." Mkono wake ulikuwa umeshaingia chini ya kaunta. Ulitoka na kopo, akahesabu vidonge vyeupe, akavifunga kwenye kipande cha gazeti. "Kimoja kwenye chakula, asijue. Akizidi kusumbua, ongeza."

"Hutaki kujua ana umri gani?"

"Mzee ni mzee, mama."

Aikande aliweka kitambulisho chake juu ya gazeti. Lemburis akasimama mlangoni. Uchangamfu wa Bariki uliisha pale pale, lakini hakukimbia. Aliondoa koti lake jeupe, akalikunja, kama mtu anayejua halitamfaa tena kwa muda.

"Umewauzia hivi wanawake wa Olasiti," Aikande alisema.

"Wapo. Wanaopita kuuza maziwa." Alijifuta uso. "Watatu, afande. Kila mmoja na siku yake. Wote nimewasaidia, na wote walirudi kunishukuru."

"Waeleze."

"Wa kwanza kuja ni mama mrefu, mtu mzima kidogo. Huyo ana baba wa mume wake anayepiga watu. Kuna binti mwenye mtoto mgongoni, lafudhi ya Kimeru. Babu wa mtoto wake anatoroka nyumbani. Na kuna mwembamba mmoja, mzee wake anafungulia ng'ombe usiku. Nikawa najiuliza kuna maji gani huko Olasiti, mbona wazee wamechanganyikiwa wote kwa mpigo."

"Wazee hao wanaitwa nani?"

"Hawakutaja."

"Hukuuliza?"

"Niulize ya nini? Jina halinisaidii kitu."

Aikande aliegemea kaunta. "Bariki, ni mzee mmoja."

Bariki alitabasamu, akidhani ni mtego wa kipolisi. Alimtazama Lemburis, akaona hatabasamu. Alikaa juu ya kreti la chupa tupu.

"Mmoja?"

"Hao ni wake wa ndugu watatu. Boma moja. Mmoja anamwekea kwenye chai, mwingine kwenye loshoro, mwingine kwenye uji. Hakuna anayejua habari za mwenzake. Na kila mmoja ulimwambia akizidi kusumbua aongeze."

"Mungu wangu," alisema Bariki. Kisha, kama watu wengi walioshikwa, akatafuta pa kusimama. "Afande, mimi nilikuwa mhudumu wa wodi ya vichaa miaka na miaka, mpaka walipotupunguza kazini. Vidonge hivi nimewagawia watu kwa mikono yangu. Kila mkorofi alipewa. Nani alikufa? Na siku hizi huyo daktari wa kuandika cheti utampata wapi? Wale akina mama wapange foleni kutwa nzima, mpaka maziwa yaharibike?"

"Cheti kina mstari wa jina la mgonjwa," Aikande alisema. "Wale wanawake hawawezi kulitamka kwa mwiko wao, lakini lingekuwa limeandikwa. Cha kwanza kingesema Sakaya wa Olasiti. Cha pili kingesema Sakaya wa Olasiti. Hata wewe ungeshituka. Sheria ya cheti haikuwekwa ili kuwakera wenye maduka."

Kopo lilihesabiwa mbele ya fundi redio, aliyeitwa awe shahidi, likatiwa lakiri. Mlango ukafungwa kwa kufuli la polisi. Njiani kuelekea kituoni Bariki aliuliza mara moja tu: "Yu hai?" Aikande alimjibu kwamba mpaka saa nne asubuhi alikuwa hai.

*

Lengai aliitwa kituoni pamoja na mkewe na Mama Lucky. Aikande aliwaketisha kwenye benchi la ofisi yake, kisha akaagiza Bariki apitishwe mlangoni akielekea mahabusu. Mama Lucky alipomwona aliuficha uso kwenye kanga akaanza kulia. Nkasiogi alikaa vile vile, lakini aliyaondoa macho mlangoni.

"Kimoja tu, afande," Mama Lucky alisema katikati ya kilio. "Ili nami nipate kulima. Kimoja tu."

"Mama Nkasiogi?"

"Kimoja," alisema Nkasiogi polepole. "Na kingine siku akiwa mkali."

Lengai aliwatazama mmoja baada ya mwingine. Hakuelewa, na Aikande alimweleza kwa maneno mepesi: chai, loshoro, uji, na juu yake sindano ya hospitali. Wahenga walisema penye wengi hapaharibiki neno. Hapa wengi ndio walioliharibu, na wote kwa nia njema.

"Ulinihakikishia ni Naisula," Lengai alimwambia mkewe. Hakupaza sauti.

"Mimi nilijua nampa dawa," Nkasiogi alisema. "Aliyempa sumu nikaona lazima awe mwingine." Hapo na yeye machozi yalimtoka. "Nimemfungisha mtoto wa watu."

Aikande alilisogeza faili mbele ya Lengai. "Mzee, mlalamikaji ni wewe. Ukitaka, kesho shauri hili linakwenda mahakamani. Lakini halitakwenda na Naisula peke yake. Watakuwa washtakiwa watatu, na wa kwanza, kwa kuwa ndiye aliyeanza, ni mkeo."

Lengai aliomba kalamu na kufuta malalamiko yake.

"Swali moja, halina uhusiano na faili," Aikande alisema. "Baba yako alipokuwa akizunguka usiku, wewe ulikuwa wapi?"

"Nimelala," alisema Lengai.

Mkuu wa upelelezi alinung'unika, kwa sababu faili la kujaribu kuua lilikuwa limemgeukia kuwa faili la duka la dawa. Aikande alimwacha anung'unike. Alimpigia Daktari Elieza na kumpa hesabu kamili, kisha mwenyewe akashuka na funguo kwenda kumtoa Naisula. Alimwomba radhi kwa niaba ya kituo, jambo ambalo halimo katika kanuni za polisi. Naisula aliuliza watoto wake wamekula nini.

*

Juma lililofuata Aikande alipita hospitali kuchukua maelezo ya daktari kwa ajili ya kesi ya Bariki. Mzee Sakaya alikuwa ameketishwa, mito miwili mgongoni. Mkono wake ulikuwa bado mzito, lakini ulifika mdomoni na kikombe, na macho yalikuwa yanafuata watu. Familia yote ilikuwa wodini. Lengai alikuwa amesimama dirishani. Wanawake watatu walikuwa kwenye benchi moja, Nkasiogi akiwa amemshika Naisula mkono, na ilionekana kwamba mambo fulani yalikwisha kusemwa kati yao na fulani hayajasemwa bado.

"Atarudi nyumbani," daktari aliwaambia. "Bila kidonge hata kimoja. Atakuwa kama alivyokuwa kabla. Atasahau, atatembea, atagomba. Mchana mtembezeni shambani achoke. Usiku awepo mtu wa kukaa naye."

"Dawa nyingine haipo?" Nkasiogi aliuliza.

"Ya kumfunga ipo. Ya kumponya haipo."

"Basi mmetunyang'anya, daktari. Sikatai, ilikuwa inamuua. Lakini mmetunyang'anya na hamkutupa kitu."

Daktari alimtazama Aikande, Aikande akatazama sakafu. Sheria aliyokuja nayo iliweza kufunga duka. Haikuweza kumlea mtu.

Kikombe kilianguka. Mzee Sakaya alikuwa amelitupa blanketi, mguu mmoja umeshafika sakafuni, anapaza sauti kwa Kimaa, anataka fimbo yake, anataka kujua nani amefunga mlango. Muuguzi aliyekuwa anapita alisimama. Nkasiogi aligeuka, Mama Lucky akageuka, Lengai akageuka, na wote, kwa mazoea tu, walimtazama Naisula.

Naisula alikaza kitenge chake kifuani. Hakuinuka.

"Shemeji," alimwambia Lengai kwa adabu, "baba yenu anaamka."

Lengai alimtazama mkewe, naye akakwepesha macho. Akaweka fimbo yake ukutani, akavuka wodi, akaenda kumshika baba yake mkono.